Falsafa Mkekani: Nafasi ya Fikra katika Mafunzo ya Judo nchini Japani, 1882–2012

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya falsafa katika mafunzo ya sanaa za mapigano kwa kutumia mfano wa judo nchini Japani. Inaanzia mwaka 1882, Kano Jigoro alipoanzisha Kodokan, na kuishia mwaka 2012, sanaa za mapigano zilipofanywa somo la lazima katika shule za sekondari ya chini za nchi hiyo. Hoja kuu ni kwamba falsafa ya judo haikuwa urithi wa kale uliopokewa mzimamzima kutoka kwa samurai, bali ilijengwa katika mazingira mahususi ya Enzi ya Meiji, na nguvu yake ilitokana na kufungamana kwake na utaratibu wa mazoezi. Pale ilipotenganishwa na utaratibu huo ikabaki kuwa tamko, iligeuka chombo ambacho mwenye mamlaka aliweza kukijaza maudhui aliyoyataka, au pambo lisiloweza kumlinda mwanafunzi.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu sanaa za mapigano za Asia Mashariki huitaja falsafa kana kwamba ilishuka bila kukatika kutoka kwa wapiganaji wa zama za upanga hadi kwa wanafunzi wa leo. Mfano mashuhuri ni kitabu cha Eugen Herrigel, mwalimu wa falsafa kutoka Ujerumani aliyefundisha katika mji wa Sendai miaka ya 1920 na kujifunza upigaji mishale kwa Awa Kenzo. Kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 1948, kiliwafanya wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani waamini kwamba upinde wa Kijapani na Uzeni ni kitu kimoja. Baadaye mtafiti Yamada Shoji alionyesha kwamba Awa mwenyewe hakuwa amefunzwa Uzeni, na kwamba sehemu ya yale aliyoyaelewa Herrigel ilitokana na ugumu wa kuwasiliana kwa lugha.

Uhakiki huo umesaidia kuondoa ngano, lakini umeacha swali la msingi. Ikiwa falsafa ya sanaa za mapigano si ya kale kama inavyodaiwa, je, ni ya uongo? Makala hii inajibu kwamba sivyo. Upya wa wazo hauondoi uzito wake. Unachodai ni kwamba wazo hilo lichunguzwe mahali lilipozaliwa na katika kazi lililoifanya.

Ili kurahisisha uchambuzi, neno falsafa linatumika hapa kwa maana tatu. Ya kwanza ni falsafa kama kanuni, yaani maelezo ya sababu inayofanya mbinu ifanikiwe au ishindwe. Ya pili ni falsafa kama maadili, yaani namna anayejifunza anavyopaswa kumtendea mwenzake na kujiongoza mwenyewe. Ya tatu ni falsafa kama uhalalishaji, yaani hoja inayotolewa mbele ya umma na dola kueleza kwa nini mafunzo hayo yanastahili kuwapo. Maana hizi huchanganywa mara kwa mara, ilhali historia ya judo inaonyesha kwamba kila moja ilikuwa na mkondo wake, na kwamba ya tatu iliweza kuendelea kunawiri hata pale ya pili ilipokuwa imekauka.

2.0 Ujuzi Uliopoteza Mwajiri, 1868–1882

Mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868 yaliiondolea Japani mfumo wa kikabaila uliokuwa umeziweka shule za mapigano kwa karne nyingi. Mwaka 1871 himaya za mabwana wa majimbo zilifutwa, na mwaka 1876 samurai walipigwa marufuku kuvaa panga hadharani. Walimu waliokuwa wakilipwa na mabwana hao walijikuta na ujuzi usio na mnunuzi. Baadhi ya walimu wa upanga walianza kufanya maonyesho ya kulipia. Maonyesho ya Sakakibara Kenkichi, yaliyoanza mwaka 1873, ndiyo yaliyopata umaarufu zaidi. Walimu wa jujutsu, sanaa ya kupambana kwa mikono mitupu au kwa silaha ndogo, waliishi kwa kuunga mifupa na kutibu viungo vilivyoteguka.

Katika hali hiyo jujutsu ilionwa na wasomi wa mijini kuwa mabaki ya zama zilizopita, tena yenye harufu ya ugomvi wa mitaani. Hata Wizara ya Elimu ilipochunguza uwezekano wa kuingiza sanaa za mapigano shuleni, taarifa ya mwaka 1884 ilikataa kuzifanya somo la kawaida. Jambo hili lina uzito kwa hoja ya makala hii. Katika mfumo wa zamani mwalimu wa mapigano hakulazimika kumweleza yeyote thamani ya kazi yake, kwani bwana wake aliijua. Chini ya dola mpya, ujuzi huo ulipaswa kujieleza. Haja ya kujieleza ndiyo iliyofungua nafasi ya falsafa.

Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Mikage, karibu na Kobe, katika ukoo uliohusika na utengenezaji wa pombe ya mchele. Hakuwa mtoto wa samurai. Alikuwa na umbo dogo, na mwaka 1877 alianza kujifunza jujutsu ya shule ya Tenjin Shin'yo kwa Fukuda Hachinosuke, kisha akajifunza shule ya Kito kwa Iikubo Tsunetoshi. Wakati huohuo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambako alisoma siasa, uchumi na falsafa, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Mmarekani Ernest Fenollosa. Kabla ya hapo alikuwa amesomeshwa maandiko ya Kikonfusio kama vijana wengi wa tabaka lake. Hivyo basi, mtu aliyeingia mkekani alikuwa na mizigo mitatu ya fikra: Ukonfusio wa utotoni, falsafa ya manufaa kutoka Uingereza iliyokuwa ikisomwa sana chuoni, na maarifa ya mwili aliyoyapata kwa kuangushwa.

3.0 Kodokan: Kanuni Iliyopatikana Mazoezini

Mwaka 1882 Kano alianza kufundisha katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, katika chumba cha mikeka 12, akiwa na wanafunzi tisa katika mwaka wa kwanza. Mahali hapo alipaita Kodokan, yaani nyumba ya kujifunza njia, na sanaa yake akaiita judo. Badiliko la jina halikuwa dogo. Silabi jutsu humaanisha mbinu au ufundi, ilhali do humaanisha njia. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi, kwani neno njia katika Kiswahili hubeba maana mbili zinazokaribiana na hizo: barabara apitayo mtu, na utaratibu wa kulitenda jambo. Kwa Kano, njia ndiyo shina, na mbinu ni matawi yake.

Hata hivyo, jina peke yake halikuwa falsafa. Kazi ya kifalsafa ilifanyika katika kuzihoji mbinu. Shule za jujutsu zilikuwa na msemo wa jumla kwamba ulaini huushinda ugumu: anayesukumwa arudi nyuma, anayevutwa asogee mbele, na nguvu ya mpinzani igeuzwe kuwa sababu ya kuanguka kwake. Kano aliukubali msemo huo, kisha akauona mpaka wake. Mtu aliyeshikwa kwa nguvu kifundo cha mkono, au aliyekumbatiwa kutoka nyuma, hawezi kujinasua kwa kulegea tu. Hulazimika kutumia nguvu moja kwa moja dhidi ya sehemu iliyo dhaifu. Kwa hiyo ulaini haukuwa kanuni ya jumla, bali hali mojawapo ya kanuni pana zaidi: kuitumia nguvu ya mwili na akili kwa namna inayoleta tija kubwa kwa lengo lililokusudiwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa seiryoku zen'yo, yaani matumizi bora ya nguvu. Inafaa kusisitiza kwamba wazo hili halikuchukuliwa kitabuni na kubandikwa juu ya mazoezi. Lilipatikana kwa kuijaribu kauli ya wazee dhidi ya mfano unaoikanusha, na huo ndio mwenendo wa falsafa kwa maana yake halisi.

Mkondo wa pili, wa maadili, ulipita katika mpangilio wa mazoezi. Kano aliyajenga mafunzo juu ya nguzo nne: kata, yaani mienendo iliyopangwa, randori, yaani pambano huru la mazoezi, mihadhara, na mazungumzo ya maswali na majibu baina ya mwalimu na wanafunzi. Mapigo ya ngumi na mateke pamoja na mbinu za hatari zaidi viliwekwa katika kata, ambamo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Katika randori zilibaki mbinu za kuangusha, kulaza chini na kupiga kabari, na ubanaji wa viungo, ambao katika mashindano hatimaye ulibakizwa kwenye kiwiko tu. Kabla ya yote, mwanafunzi alifundishwa namna ya kuanguka bila kuumia.

Mpangilio huo una maana ya kimaadili hata kabla ya mwalimu kutamka neno. Randori haiwezekani bila mwenzi anayepinga kwa dhati. Mwenzi huyo akiumizwa leo, kesho hapatakuwa na mazoezi. Anayeangusha huushika mkono wa anayeanguka ili kumlinda, na anayekabwa hupiga mkeka kwa kiganja akijua kwamba ataachiliwa papo hapo. Hivyo, kumtunza mpinzani si hisani inayoongezwa juu ya ufundi. Ni sharti la ufundi wenyewe. Kanuni ya pili ya Kano, jita kyoei, yaani kustawi pamoja mtu na wenzake, ilitamkwa rasmi miaka mingi baadaye, lakini misingi yake ya kimwili ilikuwapo tangu mwanzo mkekani. Kauli za maadili za judo zinaaminika kwa kiwango kilekile ambacho mpangilio wa mazoezi unazifanya kuwa za lazima.

4.0 Falsafa Mbele ya Umma, 1889–1922

Mwezi Mei 1889 Kano alitoa mhadhara mbele ya Chama cha Elimu cha Japani, na Waziri wa Elimu, Enomoto Takeaki, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Aliieleza judo kwa sura tatu: malezi ya mwili, ufundi wa kushindana, na malezi ya tabia. Mgawanyo huo uliifuata lugha ya elimu iliyokuwa ikitumika wakati huo nchini Japani, yenye kugawa elimu katika akili, maadili na mwili, mgawanyo uliohusishwa na maandishi ya Mwingereza Herbert Spencer. Kano alikuwa akizungumza na watunga sera kwa istilahi zao. Hapa falsafa ilifanya kazi ya tatu, ya uhalalishaji: kuugeuza ufundi uliokataliwa kuwa somo.

Mkakati huo ulizaa matunda taratibu. Kano mwenyewe alikuwa mwalimu kwa taaluma. Kuanzia mwaka 1893 aliongoza Shule Kuu ya Ualimu ya Tokyo, kwa vipindi vilivyokatika hapa na pale, hadi mwaka 1920, na kupitia wahitimu wake judo ilisambaa shuleni. Alianzisha pia taasisi ya kuwafundisha wanafunzi kutoka China, Kobun Gakuin, ambamo mwandishi Lu Xun alisoma kuanzia mwaka 1902. Mwaka 1909 alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1911 serikali iliruhusu jujutsu na upanga kuwa masomo ya hiari katika sekondari za wavulana.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, Kano alianzisha Chama cha Utamaduni cha Kodokan na kuzitangaza kanuni mbili, matumizi bora ya nguvu na kustawi pamoja, kuwa mwongozo wa maisha yote: ya mtu binafsi, ya taifa na ya binadamu kwa jumla. Kwa tangazo hilo falsafa ya judo ilifikia upana wake mkubwa kabisa. Wakati huohuo ilifikia udhaifu wake. Mkekani, neno bora lilipimwa papo hapo: mpinzani ameanguka au hajaanguka, ameumia au hajaumia. Nje ya mkeka kipimo hicho hakikuwapo. Nguvu itumike vizuri, ndiyo. Lakini vizuri kwa lengo la nani? Kano alijibu kwamba kanuni ya pili ndiyo inayoiwekea mipaka ya kwanza. Jibu hilo lilikuwa na mantiki, ila lilitegemea kwamba wenye mamlaka wangezisoma kanuni zote mbili kwa uzito uleule.

5.0 Kanuni Mikononi mwa Dola, 1931–1945

Kodokan haikuwa taasisi pekee. Mwaka 1895 ilianzishwa mjini Kyoto Dai Nippon Butokukai, jumuiya ya kukuza maadili ya kivita, ambayo ilitoa vyeo vya walimu na kuziunganisha sanaa mbalimbali. Mwaka 1919 jumuiya hiyo ilibadili majina ya sanaa zake kutoka jutsu kuwa do. Lugha ya njia, ambayo kwa Kano ilikuwa imetokana na uchunguzi wa kanuni, sasa ilienea kwa uamuzi wa kitaasisi. Wakati huohuo fasihi kuhusu maadili ya samurai ilikuwa imeshamiri. Kitabu cha Nitobe Inazo, kilichoandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwanzoni mwa mwaka 1900, kiliwapa wageni picha ya maadili hayo, na wasomi wenye mwelekeo wa kitaifa kama Inoue Tetsujiro waliyafungamanisha na utii kwa Mfalme Mkuu.

Mwaka 1931 judo na kendo zilifanywa za lazima katika sekondari za wavulana. Lengo ambalo Kano alikuwa amelipigania tangu mwaka 1889 lilitimia, lakini katika mwaka uleule ambao jeshi la Japani liliivamia Manchuria. Kano alifariki tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli Hikawa Maru, akirejea kutoka mkutano wa Kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo. Miezi miwili baadaye serikali ilirudisha uenyeji wa Michezo ya mwaka 1940 ambayo Kano alikuwa ameipigania. Uongozi wa Kodokan ulichukuliwa na mpwa wake, Nango Jiro, afisa mstaafu wa jeshi la majini. Mwaka 1942 Butokukai iliwekwa chini ya serikali, na Waziri Mkuu Tojo Hideki akawa rais wake.

Katika kipindi hiki msamiati wa judo haukufutwa. Njia, malezi ya tabia na kuitoa nguvu yote kwa lengo kuu vyote viliendelea kutajwa. Kilichobadilika ni lengo lenyewe. Nguvu iliyopaswa kutumiwa vizuri sasa ilikuwa mali ya taifa lililo vitani, na kustawi pamoja kulikomea mipakani mwa taifa hilo. Haitoshi kusema kwamba dola iliipotosha falsafa ya Kano. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa dola na mzalendo, na alikuwa ameitangaza judo kuwa yenye manufaa kwa taifa. Mlango ulioiwezesha judo kuingia shuleni ndio uliotumiwa na jeshi. Falsafa kama uhalalishaji ilikuwa imefanikiwa kiasi cha kuimeza falsafa kama maadili.

6.0 Baada ya Vita: Mchezo, Tamko na Mwili wa Mwanafunzi

Baada ya Japani kushindwa vita, mwaka 1945 sanaa za mapigano ziliondolewa shuleni chini ya utawala wa majeshi ya ushirika, na mwaka 1946 Butokukai ikavunjwa. Judo ilirejeshwa shuleni mwaka 1950 kwa sharti la kuwa mchezo wa kisasa. Kimataifa ilisonga mbele kwa kasi: mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1956, na mwaka 1964 iliingia katika Olimpiki za Tokyo. Japani ilishinda medali za dhahabu tatu kati ya nne, lakini katika pambano lisilo na kikomo cha uzito Mholanzi Anton Geesink alimshinda Kaminaga Akio mbele ya umma wa Wajapani. Mashabiki wake walipotaka kukimbilia mkekani kushangilia, Geesink aliwazuia kwa ishara ya mkono. Tukio hilo ni ushahidi kwamba maadili ya mkeka yalikuwa yamevuka bahari pamoja na ufundi, kwa mtu asiyekuwa na uhusiano wowote na ukoo wa samurai.

Nyumbani, hofu kwamba ushindani umemeza maadili ilizaa matamko. Mwaka 1987 jumuiya za sanaa za mapigano za Japani zilipitisha mkataba wa pamoja unaozieleza sanaa hizo kuwa njia ya kuijenga tabia. Mwaka 2006 Sheria ya Msingi ya Elimu ilirekebishwa na kusisitiza heshima kwa mila na utamaduni, na kuanzia Aprili 2012 sanaa za mapigano zikawa za lazima kwa wanafunzi wa sekondari ya chini, wavulana kwa wasichana.

Wakati matamko hayo yakitolewa, hali ya mkekani ilikuwa tofauti. Takwimu zilizokusanywa na mwanasosholojia wa elimu Uchida Ryo zilionyesha kwamba tangu mwaka 1983 hadi 2011 zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamefariki kutokana na judo shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao hawajauzoea mwanguko, walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2012 wanajudo wanawake 15 wa kiwango cha taifa waliwasilisha malalamiko kwa Kamati ya Olimpiki ya Japani kuhusu kupigwa na kudhalilishwa mazoezini.

Mambo haya hayapaswi kuchukuliwa kuwa ajali zilizo nje ya falsafa ya judo. Ni swali la kifalsafa lililo wazi kabisa. Mtoto anapoangushwa kabla ya kujua kuanguka, kanuni ya kustawi pamoja imekwisha kuvunjwa, hata kama imeandikwa kwa wino mzuri ukutani. Mafundisho ya kuanguka, ambayo katika utaratibu wa Kodokan yalitangulia kila kitu, ndiyo yaliyobeba maadili hayo kwa vitendo. Palipokosekana mwalimu wa kuyasimamia, tamko halikuziba pengo.

7.0 Hitimisho

Historia ya judo kati ya mwaka 1882 na 2012 inaonyesha kwamba falsafa ilikuwa na nafasi ya kweli katika mafunzo, si mapambo ya baadaye. Bila uchunguzi wa Kano kuhusu kanuni, mbinu zilizotawanyika za shule za zamani zisingekuwa mfumo unaofundishika. Bila hoja zake kwa watunga sera, huenda mfumo huo usingeingia shuleni. Lakini historia hiyohiyo inaonyesha kwamba maana tatu za falsafa hazikwenda kwa mwendo mmoja. Uhalalishaji ulikua kadiri dola ilivyouhitaji. Maadili yalidumu pale tu utaratibu wa mazoezi ulipoyafanya kuwa ya lazima.

Kwa watafiti, matokeo haya yanadai kubadilisha chanzo cha ushahidi. Anayetaka kujua falsafa ya shule fulani ya mapigano hawezi kutosheka na kaulimbiu zake, mikataba yake wala nasaba yake ya kale. Inampasa aulize mwanafunzi hufundishwa nini siku ya kwanza, ni mbinu zipi zimeondolewa katika pambano huru na kwa nini, nani ana mamlaka ya kusimamisha zoezi, na aliyepiga mkeka kwa kiganja huachiliwa baada ya muda gani.